Shwari: usiku saba mtaani kwangu

Baba alikuwa mlinzi wa usiku kwa miaka 26. Alitoka nyumbani jua likizama, akarudi likichomoza, na mchana kutwa alilala chumba cha nyuma, dirisha likiwa limezibwa kwa blanketi kuukuu. Utoto wangu wote niliambiwa, "Punguza sauti, baba yako amelala." Niliyachukia maneno hayo. Nilikuwa na mpira, na ukuta uliofaa kuliko kuta zote kwa mpira ulikuwa ule wa chumba chake. Niliupiga pale mara nyingi, tena nikijua ninachofanya. Mama ndiye aliyetoka kunikemea. Baba hakutoka hata siku moja.

Alifariki mwaka jana. Ndani ya sanduku lake nilikuta tochi na madaftari manne ya matukio, yale ambayo mlinzi hujaza kila saa ya zamu yake. Nikakaa sakafuni nikayafungua, nikidhani nitamkuta humo. Nilichokuta ni hiki: "Saa 1: shwari. Saa 2: shwari. Saa 3: shwari." Mistari kumi na miwili kwa usiku mmoja, kisha tarehe mpya, kisha shwari tena, ukurasa baada ya ukurasa.

Nilitaka kujua ndani ya neno hilo mlikuwa na nini. Nilipopata likizo ya wiki moja nikajipangia safari isiyotoka nje ya mtaa wangu. Usiku wa kwanza nitembee saa nne, wa pili saa tano, wa tatu saa sita, hivyo hivyo mpaka saa kumi alfajiri, niipitie zamu yake kituo kwa kituo. Njia ni moja: natoka mlangoni, nashuka hadi mtaroni, nauzunguka uwanja wa watoto, napanda kwa njia ya nyuma ya majengo, narudi. Kama kilomita mbili hivi. Sibebi simu, nabeba tochi yake.

Usiku wa kwanza, saa nne

Saa nne bado si usiku. Mapazia yalikuwa yakirukaruka rangi ya bluu kwa mwanga wa televisheni, watu wawili walikuwa wakibishana barazani kuhusu mechi, na mtoto mmoja alikuwa analia kwa kukataa kulala. Nilipita kama mtu anayetoka kazini. Hakuna aliyeniuliza.

Mwezi ulikuwa umeshatoka, mkubwa, umemegeka upande mmoja tu, juu kidogo ya paa la nyumba yenye tangi jeusi. Siku nne zilikuwa zimepita tangu uwe mpevu. Nikauwekea alama pale.

Niliwasha tochi njia nzima. Nakumbuka baba alikuwa akisema, "Tochi si ya kuonea, ni ya kuonekana." Sikuwahi kumwuliza maana yake, na usiku huo sikuielewa.

Usiku wa pili, saa tano

Taa za madirishani zilikuwa zikizimika moja moja. Ukisimama pale mtaroni unaziona zinavyoondoka, sebule kwanza, halafu chumba, halafu ile ndogo ya choo, kisha nyumba nzima inakuwa kivuli. Nilihesabu nyumba tisa zikizimika nikiwa nimesimama. Sijui kwa nini jambo hilo lilinigusa. Labda kwa sababu kwetu taa ya chumba cha baba haikuwahi kuzimwa usiku na mkono wake.

Taa ya barabarani kwenye kona ya uwanja ilibadilishwa si zamani. Ile ya zamani ilikuwa ya sodiamu, ya manjano kama kiini cha yai, na chini yake kila kitu kilipoteza rangi: shati jekundu na shati la kijani vyote vilikuwa kahawia. Hii mpya ni ya LED, nyeupe, na inaonyesha rangi, lakini mwanga wake una bluu nyingi, na bluu ndiyo inayowavuta zaidi wadudu wengi.

Nilikaa chini yake kuwatazama nondo. Siku zote nilifikiri wanaipenda taa, au wanaidhani ni mwezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulipiga picha za kasi na kuonyesha jambo jingine: mdudu anayeruka usiku hugeuzia mgongo upande wenye mwanga, kwa kuwa kwa mamilioni ya miaka upande wenye mwanga ulikuwa juu, angani. Akiikaribia taa mgongo unainamia taa, njia inapinda, na anabaki akizunguka bila kuweza kutoka. Niliyemtazama alikuwa wa rangi ya majivu, mabawa yamechakaa pembeni kama karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Alizunguka, akagonga kioo, akaanguka begani kwangu, akatulia. Nilihisi miguu yake kupitia kitambaa. Nikatembea naye mpaka gizani, na huko akaruka akaenda zake.

Baba alikaa chini ya taa miaka 26. Bila shaka aliwajua wadudu hawa kuliko mimi, na hakuna aliyemwuliza habari zao.

Mwezi ulikuwa juu ya paa lile lile. Nilishangaa, maana nilikuwa nimetoka saa nzima baadaye. Nikakumbuka kwamba mwezi nao hujichelewesha: kila usiku huchomoza kama dakika 50 baada ya jana yake. Mimi nachelewa dakika 60, wenyewe 50. Kumbe tulikuwa tumepanga safari moja.

Usiku wa tatu, saa sita

Nyuma ya majengo kuna kipande cha njia ambacho taa yake imekufa, hatua mia mbili hivi. Usiku wa kwanza na wa pili nilikipita mbiombio nikimulika kila upande. Usiku huu nilizima tochi.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Nilinyoosha mkono nisiuone. Moyo ulidunda, na sitaki kuficha kwamba niliogopa. Lakini jicho lina seli za aina mbili: zile za mchana, zinazotambua rangi, na zile za giza, ambazo haziijui rangi ila zinahisi mwanga mdogo mno. Hizi za giza huchelewa kuamka. Huchukua dakika 20 hadi 30 kufikia uwezo wao wote, na mwanga mkali wa sekunde chache tu unazirudisha nyuma kabisa. Kwa usiku mbili zote nilikuwa nikijipofusha mwenyewe kwa tochi, halafu nalaumu giza.

Nikasimama. Kwanza ukajitokeza ukingo wa ukuta, halafu njia yenyewe, nyeupe kidogo kuliko majani. Halafu majani, jani moja moja. Hakuna rangi, ni kijivu cha kila namna, lakini kijivu hicho kina kina. Angani, mbali na mwezi, niliona Kilimia, kile kishada cha nyota. Nilipokikazia macho kikapotea. Nilipotazama pembeni kidogo kikarudi, nyota sita. Katikati kabisa ya jicho, pale tunapoelekeza kitu tunachotaka kukiona vizuri, seli za giza hazipo. Usiku, kitu kilichofifia ukitaka kukiona, kitazame kwa pembeni.

Nilirudia mara kumi labda. Kukazia, kikapotea. Kuachia, kikaja.

Karibu na uwanja kijiti kilivunjika nyuma yangu. Nikageuka. Hakuna mtu. Nikasema ni paka, nikaendelea.

Usiku wa nne, saa saba

Usiku wa masikio. Barabara kuu iko mbali na kwangu, mchana huisikii kabisa, lakini saa saba nilisikia lori likibadilisha gia kana kwamba liko uani. Kelele za mchana hazipo, hiyo ni sababu moja. Nyingine iko hewani: usiku ardhi hupoa, hewa iliyo chini inakuwa baridi kuliko iliyo juu yake, na sauti ambayo mchana hupinda kuelekea angani, usiku hupinda kurudi chini. Inatembea ikiinama, inafika mbali. Nikasikia kikohozi cha mtu nisiyemwona. Nikasikia bomba likidondosha matone ndani ya ndoo ya nyumba ya tatu. Nikasikia viatu vyangu, na nikaanza kukanyaga kwa unyayo mzima ili nisiamshe mtu.

Halafu pazia la ghorofa ya kwanza likasogea. Nyuma yake palikuwa na mtu, amesimama, ananitazama. Nilipata aibu kubwa. Mtu mmoja, saa saba usiku, anatembea polepole gizani, ananyata, tochi imezimwa. Mimi ndiye niliyekuwa kitu cha kuogopwa katika mtaa huu.

Hapo nikaelewa. Nikawasha tochi ya baba, nikaielekeza chini, miguuni pangu mwenyewe, nikatembea katikati ya njia nikiwa nimezungukwa na duara la mwanga. Huyu hapa. Hana anachoficha. Pazia likarudi mahali pake.

Mwezi ulikuwa nusu kamili.

Usiku wa tano, saa nane

Kwenye jengo lililo mbele ya uwanja kuna kibanda cha mlinzi. Wa mchana namfahamu, tunasalimiana. Wa usiku sikujua kama yupo. Nimeishi hapa miaka sita.

Alikuwa amesimama nje ya kibanda, koti refu, rungu chini ya kwapa. Ni mzee, labda anakaribia umri aliofia baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo saa nane."

Sikuelewa. Akaendelea. "Jana saa saba. Juzi saa sita. Unapandisha saa moja moja."

"Umekuwa ukiniona?"

"Kazi yangu ni nini?" Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Siku ya kwanza nilikufuata kwa macho hadi kona. Ya pili ulikaa chini ya taa muda mrefu, nikasimama hapa mpaka ulipoondoka. Ya tatu ukazima tochi. Hiyo sikuipenda. Nikaja nyuma yako."

Nikakumbuka kile kijiti.

"Nikakuona umesimama unatazama juu. Nikasema, mtu mwenye nia mbaya hatazami nyota. Nikarudi. Jana ukamulika miguu, nikajua una mtu aliyekufundisha."

Nilimwomba anionyeshe daftari lake. Alisita, halafu akaniingiza kibandani na kulifungua mezani. Nikaitafuta tarehe ya usiku wa tatu. Saa sita. Mwandiko wa kalamu ya bluu, herufi kubwa kubwa: "Shwari."

"Hukuandika kwamba ulinifuata."

"Niandike nini, na hakuna kilichotokea? Nikisikia kitu, naenda kutazama. Nikikuta ni paka, naandika shwari. Nikikuta mlango umesahauliwa wazi, naufunga, naandika shwari. Nikikuta wewe, naandika shwari."

Nilikaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa, miguu iliisha nguvu. Nikamwambia habari za baba. Akauliza miaka mingapi, nikamjibu. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mchana alikuwa anapata usingizi?"

Nikamwambia habari za mpira. Zote, pamoja na kwamba nilikuwa najua.

"Wa kwangu ana debe," akasema. "Analigeuza ngoma." Akasogeza daftari lake, akatazama saa ya ukutani, akaandika mstari wa saa nane mbele yangu. Unajua aliandika nini.

Sikulala niliporudi. Niliyafungua tena madaftari ya baba, safari hii nikitazama mwandiko. Sijui niliwezaje kutouona mara ya kwanza. Kuanzia saa 1 hadi saa 6 herufi zimekaa kwenye mstari, safi, zimelala kidogo kulia. Saa 8 zinaanza kushuka. Saa 9, mkia wa "r" umeburutwa hadi katikati ya mstari wa chini. Ukurasa mmoja, saa 10, neno limeandikwa "shwa", kisha mstari mrefu wa wino unaoteremka pembeni mwa karatasi, kisha chini yake, kwa nguvu iliyotoboa karatasi kidogo: "shwari". Nilipitisha kidole pale penye tundu.

Usiku wa sita, saa tisa

Mvua. Nilifika mtaroni nikarudi, nikakaa kizingitini kwangu na tochi mapajani, nikatetemeka saa nzima.

Baridi hiyo si ya mvua peke yake. Joto la mwili wa binadamu hushuka kila usiku na kufika chini kabisa saa chache kabla ya alfajiri, na hapo ndipo usingizi unapovuta kwa nguvu zote. Kuna saa ndani ya chembe zetu, inayoenda hata ukifungiwa pasipo na dirisha. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha inavyofanya kazi, wakianzia kwa inzi wadogo wa matunda. Mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha. Anayerudi kutoka lindoni asubuhi anaupata mwanga huo usoni, mwili unaambiwa kumekucha, halafu yeye anaingia kitandani. Analala kidogo na kwa vipande, hata pasipo mpira. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku mwaka 2007 katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na mwaka 2019 likathibitisha hivyo.

Nilikuwa nimesoma hayo miezi kadhaa kabla, kwa macho ya mtu anayesoma habari. Kizingitini, meno yakigongana, niliyasoma upya kichwani kama barua kutoka nyumbani. Blanketi lile dirishani lilikuwa kazi ya mtu anayepigana na jua.

Usiku wa saba, saa kumi

Saa kumi usiku una upande mwingine. Bado giza, lakini mlango mmoja ulifunguliwa, akatoka mwanamke aliyevaa sare, akaufunga taratibu akiwa ameshika kitasa kwa mikono miwili ili usilie. Tulisalimiana kwa kichwa. Mbele kidogo kijana alikuwa anasukuma pikipiki yake mbali na nyumba kabla ya kuiwasha. Aliisukuma mpaka barabarani kabisa. Niliwatazama hawa wawili kwa upendo ambao siwezi kuueleza vizuri. Mtaa mzima umelala kwa sababu kuna watu wanaobeba milango yao mikononi.

Ndege wa kwanza aliimba kabla sijaona dalili yoyote ya mwanga.

Mwezi ulikuwa umepanda juu ya lile paa kuliko usiku wa kwanza. Zile dakika kumi za kila usiku zilikuwa zimejumlishwa, zikafika saa moja. Ulikuwa umebaki ukucha, mgongo wake umeelekea kule jua litakakotokea. Na ile sehemu yake yenye giza ilionekana pia, kijivu, duara zima. Huo ni mwanga wa dunia: jua linatumulika sisi, sisi tunaurudishia mwezi, mwezi unaturudishia tena. Leonardo da Vinci aliueleza hivyo miaka 500 iliyopita. Nilijaribu kuutazama kwa pembeni, kama Kilimia, na kweli ukaongezeka.

Mzee alikuwa kibandani, amesimama. Nadhani alisimama kwa sababu akikaa atalala. Sikumsemesha. Nilimulika miguu yangu, nikapita, naye akainua rungu kidogo.

Nilizunguka mara tatu kusubiri kukuche, maana baba alikuwa hatoki lindoni mpaka saa kumi na mbili. Nikarudi nyumbani jua likiwa usoni. Nikatundika blanketi dirishani, nikalala chali. Mwanga uliingia pembeni, mstari mwembamba, ukaniangukia jichoni. Nikageuka. Mtu akaburuta meza. Nikageuka tena. Macho yalikuwa yanawaka kama yametiwa mchanga, na usingizi ulikuwa karibu sana, nyuma ya kope.

Halafu mpira. Mtoto wa jirani, nje ya ukuta wangu. Du. Kimya. Du. Kimya. Anaudaka, anaurusha. Nilisikia mama yake akiita kwa sauti ya chini, "Acha, watu wamelala," na mtoto akasubiri kidogo, kisha, du.

Nilibaki pale pale kitandani, nikausikiliza mpaka alipochoka mwenyewe.